Kuzuia Kisukari cha Aina ya Pili: Somo la Afya kwa Familia

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili na zinazoishi Uingereza, ziwe zimetoka Unguja au Pemba, Mombasa au Lamu, Barawa, Dar es Salaam, Bujumbura, Bukavu au kwingineko. Linahusu ugonjwa ambao karibu kila ukoo unaujua kwa jina, na koo nyingi zinaujua kwa kuuguza: bibi aliyekatwa mguu, mjomba aliyepoteza nuru ya macho, jirani anayepelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Kwa kuwa ugonjwa huu umezoeleka, watu wengi wameuchukulia kuwa ni sehemu ya uzee, mithili ya mvi. Sivyo ulivyo. Kisukari cha aina ya pili mara nyingi huweza kuzuiwa, au kucheleweshwa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani.

Somo laweza kusomwa na mtu mmoja, lakini litafaa zaidi likisomwa na watu wa nyumba moja pamoja, kwa kuwa wanaokula chungu kimoja hushirikiana faida na hasara yake. Mwishoni yamewekwa maswali ya kujadiliwa. Taratibu za huduma zinazoelezwa hapa ni za England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, na wakazi wa huko wamuulize daktari wao wa familia.

1. Kisukari ni nini?

Ugali, wali, chapati, mkate, muhogo na ndizi hugeuzwa na mwili kuwa sukari iitwayo glukosi, nayo huingia katika damu. Glukosi ni nishati ya mwili, kama kuni zilivyo kwa jiko. Hata hivyo, haiwezi kuingia katika seli nyingi za mwili bila msaada wa homoni iitwayo insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo. Insulini hufanya kazi kama ufunguo: ikifika, seli hufunguka na glukosi hupita.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe huziharibu seli zinazotengeneza insulini. Aina hiyo haisababishwi na chakula wala mwenendo wa mtu, na mzazi ambaye mtoto wake ameipata hana lawama yoyote. Somo hili halihusu aina hiyo.

Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho huwapata takriban watu 9 kati ya kila watu wazima 10 wenye kisukari, insulini ipo lakini haifanyi kazi ipasavyo. Mafuta yanapolundikana ndani ya tumbo, na hasa katika ini, seli huanza kuwa nzito kuitikia insulini. Kongosho hujitahidi kutoa insulini zaidi, na kwa muda wa miaka kadhaa hufaulu. Hatimaye huzidiwa, na sukari hubaki katika damu.

Sukari iliyozidi katika damu haiumizi mwanzoni, na kwa sababu hiyo watu wengi huishi na ugonjwa kwa miaka bila kujua. Wakati huo huo huharibu mishipa midogo ya macho na figo, hufisha hisia za miguu, na huchangia kuziba kwa mishipa mikubwa ya moyo na ubongo. Mtu asiyehisi mguu wake hukanyaga msumari asijue, kidonda kikaoza, na mguu ukakatwa. Upofu, kushindwa kwa figo, mshtuko wa moyo na kiharusi ni matawi ya mti huu huu.

2. Nani yumo hatarini zaidi?

Hatari haigawanywi sawasawa. Nchini Uingereza, watu wenye asili ya Afrika, ya Karibea na ya Asia ya Kusini hupata kisukari cha aina ya pili kwa wingi zaidi, wakiwa na umri mdogo zaidi, na wakiwa na uzito mdogo zaidi kuliko Wazungu. Kwa Wazungu hatari huhesabiwa kuongezeka kuanzia umri wa miaka 40. Kwa watu wenye asili ya Afrika huhesabiwa kuanzia miaka 25. Familia nyingi za Waswahili zina asili hizo zote mbili, ya Afrika na ya Asia, kwa hiyo zina sababu zaidi ya moja ya kutahadhari.

Hatari huongezeka vilevile kwa mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake ana kisukari cha aina ya pili. Mwenye shinikizo la juu la damu. Mwanamke aliyepata kisukari wakati wa ujauzito, hata kama kilitoweka baada ya kujifungua. Na mtu anayetumia baadhi ya dawa kwa muda mrefu, zikiwemo dawa za steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Mtu anayetumia dawa hizo asiziache kwa hiari yake, bali azungumze na daktari.

Uzito una nafasi kubwa. Hospitalini uzito hupimwa kwa kulinganishwa na urefu, na kipimo hicho huitwa BMI. Kwa watu wenye asili ya Afrika au Asia, uzito huhesabiwa kuwa umezidi BMI inapofika 23, na kuwa wa hatari kubwa inapofika 27.5. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.70 hufikia 23 akiwa na takriban kilo 66 na nusu, na hufikia 27.5 akiwa na takriban kilo 79 na nusu. Wengi watashangaa, kwa kuwa katika jamii zetu mtu wa kilo 80 huambiwa kuwa amenawiri, na aliyepungua huulizwa kama anaumwa. Kunawiri kwa uso hakuonyeshi yanayotendeka ndani ya ini.

Kipimo kilicho rahisi zaidi ni cha kiuno. Mzingo wa kiuno unapaswa kuwa pungufu ya nusu ya urefu wa mtu. Mwenye urefu wa sentimita 170 asizidi sentimita 85 kiunoni. Utepe wa fundi cherehani unatosha: uzungushwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi, bila kulivuta tumbo ndani.

3. Ufa kabla ya ukuta

Kati ya afya na kisukari kuna hatua ya katikati, ambapo sukari katika damu imepanda kuliko kawaida lakini haijafikia kiwango cha ugonjwa. Huitwa hali ya kabla ya kisukari. Haina dalili. Huonekana kwa kipimo cha damu kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Matokeo husomwa hivi:

Chini ya 42: kiwango cha kawaida.
Kuanzia 42 hadi 47: hali ya kabla ya kisukari.
48 na zaidi: kiwango cha kisukari, ambacho kwa mtu asiye na dalili huthibitishwa kwa kupima tena.

Wapo watu ambao kipimo hiki huweza kuwapotosha. Mwenye ugonjwa wa selimundu, anayebeba kinasaba cha ugonjwa huo, mwenye upungufu wa damu, na mwanamke mjamzito wanapaswa kumwambia daktari au muuguzi mapema, ili kipimo kingine kitumike pale inapohitajika. Jambo hili lina uzito kwa familia za Afrika Mashariki na Kongo, ambako selimundu si jambo geni.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hali ya kabla ya kisukari ndio ufa wenyewe. Mtu akiambiwa kuwa yumo katika hatua hii, hajahukumiwa. Amepewa nafasi ambayo wengi waliomtangulia hawakuipata.

4. Je, kinga inafanya kazi kweli?

Wapo wanaosema kuwa kisukari kikiwa katika damu ya ukoo hakuna la kufanya. Swali hilo limechunguzwa kwa makini. Mwaka 2002 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa na hali ya kabla ya kisukari, ambao karibu nusu yao walitoka katika jamii zisizo za Wazungu, wakiwemo Wamarekani Weusi. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila wiki. Kundi jingine lilipewa dawa ya metformini, na kundi la tatu vidonge visivyo na dawa ndani.

Katika kundi la vidonge visivyo na dawa, takriban watu 11 kati ya 100 walipata kisukari kila mwaka. Katika kundi la mabadiliko ya mwenendo walikuwa takriban 5. Hatari ilipungua kwa asilimia 58, ilhali dawa iliipunguza kwa asilimia 31. Faida ilionekana katika jamii zote, na kwa watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi ilikuwa kubwa kuliko kwa wengine. Utafiti uliofanywa Finland na kutolewa mwaka 2001 ulikuwa umepata matokeo yayo hayo. Mzee, basi, asiambiwe kuwa wakati umempita.

Asilimia 7 si mlima. Kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Washiriki hawakutakiwa kuwa wembamba; walitakiwa kupunguza kiasi hicho na kukidumisha.

5. Sahani ya nyumbani

Hakuna haja ya kuacha chakula cha kwao mtu na kuanza kula vyakula asivyovijua. Vyakula vingi vya asili ya pwani na bara ni vya manufaa makubwa: maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu, mchicha, kisamvu, matembele, bamia, samaki na dagaa. Tatizo la kawaida ni mgawanyo. Sahani hujazwa wali au ugali, mchuzi ukawa wa kulainishia tu, na mboga zikawa pambo.

Njia rahisi ya kuupanga mgawanyo huo ni kuigawa sahani kwa macho. Nusu yake iwe mboga na kachumbari. Robo iwe samaki, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi, mayai au jamii ya kunde. Robo iliyobaki iwe wali, ugali, chapati, ndizi au muhogo. Anayekula kwenye sinia pamoja na wenzake anaweza kuufuata mgawanyo huo huo mbele yake: mboga ziwekwe nyingi katika sinia, na kila mtu ajue upande wake.

Aina ya unga nayo ina maana. Dona, unga wa ngano usiokobolewa na mchele wa kahawia vina nyuzinyuzi, ambazo huchelewesha sukari kuingia katika damu na humfanya mtu ahisi ameshiba. Familia isiyopenda kubadilisha mara moja inaweza kuchanganya nusu kwa nusu unga mweupe na usiokobolewa katika chapati, kisha iongeze kidogo kidogo. Maharage yakipikwa pamoja na wali, na wali ukapunguzwa, shibe hubaki.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe moja kwa moja kutoka chupani. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na mkono unaomimina huongeza vijiko vitatu bila kuhesabu. Tui zito la nazi na samli vina mafuta yanayodhuru moyo yakizidi. Tui jepesi latosha kwa siku za kawaida. Sambusa, mandazi, vitumbua na viazi karai viwe vya siku maalumu, wala si kitafunwa cha kila asubuhi.

Madukani, vyakula vingi vya pakiti huonyesha kwa rangi kiasi cha sukari, mafuta na chumvi: nyekundu ni kingi, njano ni cha wastani, kijani ni kidogo. Pasipo rangi, msomaji atafute mstari wa sukari kwa kila gramu 100. Zaidi ya gramu 22.5 ni sukari nyingi. Gramu 5 au pungufu ni kidogo. Maneno ya kuvutia yaliyoandikwa mbele ya pakiti yasimzuie mtu kuigeuza na kusoma nyuma.

6. Chai, soda na ukarimu

Inashauriwa mtu mzima asizidishe gramu 30 kwa siku za sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4. Tuchukue mfano wa baba anayeendesha teksi usiku. Hunywa vikombe vinne vya chai ya maziwa, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12, yaani gramu 48. Akiongeza kopo moja la soda ya kola la mililita 330, lenye takriban gramu 35, amefikisha gramu 83 kabla hajala chochote, na usiku wake bado haujaisha.

Baba huyo hahitaji kuacha chai. Akipunguza nusu kijiko kwa kila kikombe kila baada ya wiki mbili, atafika kijiko kimoja katika muda wa wiki nane, na ulimi utakuwa umezoea. Hiliki, tangawizi, mdalasini na karafuu huipa chai ladha bila sukari. Soda nafasi yake ichukuliwe na maji, au soda isiyo na sukari kwa kipindi cha mpito. Juisi, hata ya matunda halisi iliyokamuliwa nyumbani, isizidi mililita 150 kwa siku, kwa kuwa tunda likikamuliwa hupoteza nyuzinyuzi na sukari yake huingia katika damu kwa kasi. Tunda zima ni bora.

Ugumu mkubwa zaidi huwa katika ukarimu. Mgeni akikataa halua, mwenyeji huona amedharauliwa. Mwenyeji akileta chai isiyo na sukari, huogopa kuitwa bahili. Hapa pana haja ya kubadilisha desturi kwa upole. Mwenyeji anaweza kuleta chai bila sukari na kuiweka bakuli ya sukari pembeni, kila mtu ajitilie. Mgeni naye anaweza kusema mapema, kwa heshima: “Shangazi, chai yangu isiwe na sukari leo, daktari ameninasihi.” Mwenye mapenzi ya kweli hatamlazimisha. Na anayesisitiza “kula tu, kidogo hakidhuru” akumbuke kwamba huyo mgeni ameambiwa vivyo hivyo katika nyumba tatu siku hiyo hiyo.

7. Mwendo wa mwili

Msuli unapofanya kazi huvuta glukosi kutoka katika damu, hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Kwa sababu hiyo kutembea baada ya kula kuna faida inayoanza siku hiyo hiyo, kabla uzito haujapungua hata gramu moja.

Watu wazima wanashauriwa kufanya angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, mathalani dakika 30 kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Dakika hizo zaweza kugawanywa katika vipande vya dakika kumi kumi. Aidha, mara mbili kwa wiki misuli ipewe kazi ya nguvu: kupanda ngazi, kubeba mizigo ya sokoni, au kukaa na kusimama kutoka kitini mara kumi kumi bila kushika mikono ya kiti.

Maisha ya ugenini yana vizuizi vyake. Wengi waliokulia mahali ambapo kila safari ilikuwa ya miguu sasa hukaa ndani ya gari au kwenye ghorofa, na miezi ya baridi giza huingia alasiri. Ushauri ufuatao umezingatia hali hiyo. Mtu ashuke basi vituo viwili kabla ya kwake. Anayekwenda msikitini au kanisani kwa gari aliegeshe mbali na amalizie kwa miguu. Mama asiyependa kufanya mazoezi mbele ya wanaume aulize katika kituo cha michezo cha mtaa wake, kwa kuwa baadhi ya vituo hutenga saa za wanawake peke yao kwa kuogelea na mazoezi. Siku za mvua na theluji, ngazi za nyumba na sebule hutosha. Mwenye maumivu ya kifua, ugonjwa wa moyo au magoti yanayouma azungumze na daktari kabla ya kuanza.

8. Usingizi, kazi za zamu na tumbaku

Watu wengi wa jamii hii hufanya kazi za zamu: kutunza wazee, kufanya usafi, kuendesha magari, kulinda majengo, kufunga mizigo katika maghala. Kazi ya usiku na usingizi mfupi huongeza hatari ya kisukari, kwa kuwa huvuruga homoni za njaa na utendaji wa insulini. Si kila mtu anaweza kuchagua zamu, lakini inawezekana kubeba chakula kutoka nyumbani badala ya kutegemea chipsi na mashine za vitafunwa, kula mlo mkuu kabla ya zamu kuliko katikati ya usiku, na kukiwekea chumba cha kulala pazia zito ili usingizi wa mchana uwe wa kweli. Watu wa nyumba wauheshimu usingizi huo kama wanavyouheshimu usingizi wa usiku.

Tumbaku huongeza hatari ya kisukari, na kwa aliyekwisha kukipata huharakisha uharibifu wa mishipa ya damu. Shisha si salama kuliko sigara kwa sababu tu moshi umepita majini. Huduma za kuacha kuvuta sigara hutolewa bila malipo katika maeneo mengi. Anayekunywa pombe asizidishe uniti 14 kwa wiki. Pombe ina kalori nyingi zisizoonekana.

9. Ramadhani na sikukuu

Kwa Muislamu mwenye afya, hata aliye katika hali ya kabla ya kisukari, Ramadhani inaweza kuwa mwanzo mwema wa mazoea mapya, iwapo futari haitageuka kuwa kisasi cha mchana. Tende tatu na maji zinatosha kufungulia. Baada ya swala, mlo ufuate mgawanyo wa sahani ulioelezwa. Kaimati, tambi za sukari, vitumbua na juisi visikusanywe vyote katika futari moja; kimoja kwa usiku kinatosha, kwa kiasi kidogo. Daku isiachwe, na iwe na vyakula vinavyodumu tumboni kama vile maharage, mayai, mtindi na uji wa nafaka zisizokobolewa.

Mtu ambaye tayari ana kisukari, na hasa anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Huenda akaruhusiwa kufunga kwa kubadilishiwa dawa, na huenda akashauriwa asifunge. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na kuitumia ruhusa hiyo si upungufu wa imani. Sikukuu za Idi, Krismasi na harusi zifurahiwe. Siku moja ya biriani haileti kisukari. Kinacholeta madhara ni siku za kawaida zinapoliwa kama sikukuu.

10. Dalili zisizosubiriwa

Amwone daktari bila kuchelewa mtu anayepata kiu isiyokatika, anayekojoa mara nyingi hasa usiku, anayechoka kupita kiasi, anayepungua uzito bila kukusudia, anayeona ukungu, mwenye vidonda vinavyochelewa kupona, au mwenye muwasho wa fangasi sehemu za siri unaorudi mara kwa mara. Mwenye kisukari au mwenye dalili hizo akianza kutapika, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa, ipigwe simu namba 999 mara moja. Kwa ushauri usio wa dharura kubwa ipo namba 111. Mpigaji anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Wengi hutumia mlonge, habbat soda, mdalasini au uwatu kwa nia ya kushusha sukari. Vitu hivi visichukue nafasi ya kipimo wala ya dawa iliyoandikwa na daktari, na anayevitumia amweleze daktari, kwani vingine huweza kugongana na dawa. Daktari hatamcheka.

11. Kuitumia huduma

Kila mkazi wa England anaweza kujiandikisha kwa daktari wa familia, yaani GP, na kumwona bila malipo, bila kujali hali yake ya uhamiaji. Kituo hakipaswi kumkataa kwa kukosa hati ya utambulisho au uthibitisho wa anwani. Mkalimani hutolewa bila malipo. Aombwe wakati wa kupanga miadi. Mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake katika mambo ya ugonjwa: huenda akaficha neno kwa haya, au akabeba hofu isiyo ya umri wake.

Watu wenye umri wa miaka 40 hadi 74 ambao hawajagunduliwa kuwa na kisukari, ugonjwa wa moyo, kiharusi au ugonjwa wa figo huitwa kila baada ya miaka mitano kwa uchunguzi wa afya wa NHS. Barua hiyo isitupwe. Aliye chini ya miaka 40 lakini ana sababu zilizotajwa katika sehemu ya 2 amwombe daktari ampime. Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito apimwe kila mwaka.

Mwenye HbA1c ya 42 hadi 47 aulize kuhusu mpango wa NHS wa kuzuia kisukari, uitwao Healthier You, ulioanza mwaka 2016. Ni mpango wa bure wa takriban miezi tisa, wa vikao vya ana kwa ana au kwa njia ya intaneti, unaomsaidia mtu kupunguza uzito, kubadilisha mlo na kuongeza mwendo.

12. Maswali ya mazungumzo ya familia

Ni nani katika ukoo wetu, upande wa baba na wa mama, aliyepata kisukari, na alikuwa na umri gani?

Jana, kila mmoja wetu alitumia vijiko vingapi vya sukari katika chai, na alikunywa soda au juisi kiasi gani?

Tukiitazama sahani ya chakula cha jioni, mboga zilichukua sehemu gani?

Ni safari ipi ya kila wiki tunayoweza kuifanya kwa miguu, na nani ataandamana na nani?

Ni nani nyumbani ambaye hajapimwa, na miadi yake itapangwa siku gani?

Familia isijaribu kubadilisha yote kwa wiki moja. Ichague jambo moja la chakula na jambo moja la mwendo, iyashike kwa mwezi mzima, kisha iongeze jingine. Haba na haba hujaza kibaba, na watoto wanaoyaona mazoea hayo nyumbani watayachukua kama walivyoichukua lugha: bila kufundishwa darasani.